Dalali wa Uani

Makorora madalali wamejaa tele. Wapo wa kushinda vijiweni, wapo wa kushinda kwenye simu, na wapo wale wa kumpangisha chumba kimoja mtu huyu na yule na yule, wote wakatoa kodi, siku ya kuhamia wakagongana mlangoni na magodoro kichwani. Hao Mungu anawaona, tusichafue midomo yetu. Dalali wa uani alikuwa mmoja tu, naye ni Mwatumu.

Walimwita hivyo kwa sababu mlango wa mbele hakuujua. Mtu mzima wa makamo, kanga mbili na mkoba wa plastiki uliokwisha rangi, unamsikia tu nyuma ya nyumba, "Hodi wenyewe!" na kabla hujamjibu keshavua ndala, keshakaa. Madalali wanaume wanaishia barazani. Yeye alifika jikoni, alifika chumbani kwa mgonjwa, alifika kwa mzazi aliyejifungua jana. Na nyumba nyingi za Makorora, jamani, ni za wanawake: mama kamwachia binti, shangazi kamwachia mpwa. Sasa mwanamke akitaka kuuza au kupangisha, atoke akapayukiane na wanaume barazani? Atamwita Mwatumu.

Kazi hiyo hakuisomea. Alizaliwa Tongoni, akalelewa na bibi yake, Bi Zuleha, aliyekuwa akiitwa huku na huku kuwatunza vizuka, yaani wajane waliomo edani. Bi Zuleha ndiye aliyewaogesha siku ya kutoka eda, akawafukiza udi, akawafungulia madirisha. Mwatumu alimbebea ndoo tangu angali kitoto, na miiko yote akaishika. Nyumba ya kizuka hapigwi mtoto. Hapachekwi kwa sauti. Na bei haitajwi. Si ya nyumba, si ya shamba, si ya mbuzi. Mume wa watu hajapoa kaburini nanyi mmekaa mnapima mali? Bi Zuleha alikuwa akimfukuza mtu kwa hilo, awe ndugu, awe nani.

Akaolewa Makorora na fundi magari. Siku moja fundi akaenda Muheza kutengeneza lori la machungwa lililozimika, akaoa huko huko. Mwanzo alikuwa akimpelekea Mwatumu magunia ya machungwa badala ya kuja mwenyewe, mwisho hata machungwa yakakoma. Ndipo akaanza udalali, na aliuanza kwa hasira. Palikuwa na jirani yake mjane, wanaume wamejazana barazani kwake wanampigia makelele kuhusu kiwanja, naye yuko ndani analia. Mwatumu akapita nyuma, akamuuliza taratibu, "Wewe mwenyewe wataka nini?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Toka siku hiyo akafanya hivyo hivyo. Ataingia, atakaa mkekani, atasaidia kuchambua mchele, atauliza habari za watoto na za mguu unaouma, na la nyumba litakuja lenyewe likitaka. Mkikubaliana, atawaita majirani wa kila upande, watautembea mpaka wa kiwanja pamoja, watasoma Fatiha, kesho yake mwenyekiti wa mtaa atagonga muhuri wake na mambo yamekwisha. Mwenye nyumba hata uso hakuutoa. Kila aliloulizwa, Mwatumu alimjibia. "Kasema ameridhia." Watu wakaamini, kwa sababu akisema Mwatumu ameridhia ni kweli ameridhia. Alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, na vitu hakuwa navyo vingi.

Kisha serikali ikaingia.

Madalali wote waliitwa ofisi ya kata, wakakaa kwenye mabenchi na wengine dirishani. Aliyesimama mbele ni afisa mgeni, Beatrisi, mwanamke wa bara, mpole, sauti ya chini. Akaeleza kwamba kuanzia sasa dalali ni yule aliyesajiliwa, mwenye cheti cha sekondari na ofisi inayojulikana. Asiyesajiliwa akishika kazi hiyo atashitakiwa. Na mikataba ya kuandika kwenye karatasi za daftari imekwisha. Kuna fomu moja ya serikali, mwenye nyumba atie saini mwenyewe, wakala atie yake, na shahidi atie yake. "Lengo ni kumlinda mwenye nyumba," Beatrisi akasema. "Hasa akina mama. Wengi wanasemewa."

Mwatumu alihisi kama ametajwa jina. Akanyoosha mkono. "Na mimi wa darasa la saba, mwanangu?"

"Unaweza kufanya kazi chini ya wakala aliyesajiliwa, mama. Peke yako haitawezekana."

Na tuseme haki, fomu yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa na ngao ya taifa juu, ilikuwa na mahali pa jina, pa mipaka, pa bei, pa masharti ya mwenye nyumba. Ingekuwapo zamani ingewaponya wengi. Lakini Mwatumu alitoka pale amenyong'onyea, akapita sokoni hakununua kitu, akafika kwake akalala na mtandio wake kichwani.

Aliyemwinua ni Nasri. Huyu ni mtoto wa Makorora, Mwatumu alimjua tangu anatambaa uchi, na nyumba aliyokulia ni Mwatumu aliyeitafuta. Sasa alikuwa na kampuni yake ya udalali karibu na stendi, mlango wa vioo, kiti cha kuzunguka, cheti cha usajili ukutani ndani ya fremu. Alimfuata mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Mwatumu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunicheka?"

"Nikucheke wewe? Njoo kwangu. Mimi nina cheti, wewe una watu. Utakuwa unachukua fomu kwangu, mwenye nyumba anatia saini, unanirudishia. Sheria imetimia na wewe hujala njaa."

Mwatumu akamwombea dua hapo hapo, dua ndefu, mpaka Nasri akaona haya. Kha! Laiti angejua.

Mwezi ule ule Yakoub alifariki. Yakoub alikuwa seremala, mtu asiye na makuu, na mkewe ni Thuwaiba, shoga yake Mwatumu. Nikisema shoga msidhani ni wale wa kukutana harusini. Hawa walikaa jamvi moja chuo cha Kurani kule Tongoni, Thuwaiba alikopelekwa utotoni, wakachapwa na mwalimu mmoja, wakavunja ungo mwaka mmoja, na fundi magari alipopotelea Muheza ni Thuwaiba aliyelala na Mwatumu kitanda kimoja mpaka machozi yakaisha. Majina hawakuitana. Ni shoga huku, shoga kule, tangu wana vijino vya mbele.

Thuwaiba hakujaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni nyumba. Ilikuwa ya mama yake, naye kaachiwa na mama yake, na Yakoub alihamia humo siku ya harusi na sanduku lake la randa. Milango yote Yakoub kaichonga upya. Dirisha la chumbani kalitia nakshi ya maua, akalifanyia kazi mwaka mzima baada ya magharibi, Thuwaiba akimshikia taa. Ndugu wa marehemu hawakuwa na dai lolote humo na wenyewe walisema. Akaingia eda akiwa hana mume, hana mtoto, ana nyumba.

"Shoga," alimwambia Mwatumu wiki ya kwanza, wamekaa chumbani, pazia limeshushwa, "nitakula nini mimi? Nimefikiri. Nikitoka eda nipangishe vyumba viwili vya mbele. Wauguzi, walimu, watu wastaarabu. Mimi nabaki huku nyuma na dirisha langu."

"Hilo niachie mimi."

"Nimekuachia."

Basi Mwatumu akaenda kwa Nasri, akamweleza kwamba kuna nyumba ya shoga yake, kizuka. Nasri akamshauri fomu isainiwe mapema, iingizwe kwenye orodha, ili mama akitoka eda tu wateja wawe tayari. Akampa makaratasi. Mwatumu akayatia kwenye mkoba wa plastiki akayapeleka.

Akayatandaza mkekani. Penye kuuza na kupangisha ilitakiwa neno moja likatwe. Penye bei palikuwa wazi. Penye masharti palikuwa wazi. Thuwaiba anasoma vizuri tu, kusoma si tatizo lake. Alitazama ngao ya taifa, akamtazama Mwatumu.

"Unataka nisome?"

"Si lazima. Ni ya serikali."

"Kama umeleta wewe, nisome nini tena?" Akashika kalamu, akatia saini mbele, akatia saini nyuma. Mwatumu akatia ya shahidi. Nafasi za wazi wakaziacha, kwa sababu kuzijaza kulitaka kutaja bei, na bei haitajwi. Ilikuwa heshima. Wote wawili waliona ni heshima, na wangeona aibu kufanya vinginevyo.

Hapo hapo simu ikalia. Nasri. Mwatumu simu yake ni ya kitochi, sauti inatoka mpaka uani, na siku hiyo uani walikuwapo wanawake wanasoma hitima. Sauti ya Nasri ikapasua chumba kizima: "Mama Mwatumu! Huyo mama anauza kwa ngapi? Mbona—"

"Shii!" Mwatumu aliziba simu kwa kiganja, uso umemwiva. Thuwaiba kainamisha kichwa. Wanawake uani wamenyamaza. "Huna adabu? Hapa ni nyumba ya eda! Jaza mwenyewe huko, tutazungumza eda ikiisha!" Akaikata.

Akamwomba radhi shoga yake kwa ujinga wa vijana wa siku hizi. Jioni akamrudishia Nasri makaratasi na wala hakumsalimia, alikuwa bado amekasirika.

Mvua za vuli zikaja zikapita. Siku moja asubuhi Mwatumu anaelekea kwa Thuwaiba na bakuli la uji, akamkuta mwanamume kasimama nje, kofia ya viua, kanzu safi, anautazama ukuta wa mbele na kuupapasa kwa kiganja. Akamsalimu kwa adabu, jina lake Hija, mfanyabiashara wa karafuu kutoka Pemba, anahamia Tanga na mama yake.

"Mie sikuja kusumbua, bibi," akasema. "Nasikia mna kizuka ndani. Nimepita tu kuitazama kwa nje."

"Kuitazama nini?"

"Nyumba. Si nimeinunua."

Uji ulimwagika. Mwatumu hakuuona, aliuona baadaye kwenye kanga yake. Akamvuta Hija pembeni kwa mkono wa kanzu kama mtoto, akamwambia asiseme tena, asiseme kwa sauti, asiseme hapa. Hija akamwonyesha nakala yake. Fomu ile ile, ngao ile ile. Neno la kupangisha limekatwa kwa mstari. Bei imejazwa, mwandiko mzuri wa Nasri. Saini ya Thuwaiba. Na chini, imejikunja kama alivyofundishwa shuleni, saini yake yeye mwenyewe.

Alifika stendi hajui amepitaje. Nasri alisimama akamvutia kiti.

"Umeuza nyumba ya Thuwaiba!"

"Tumeuza, mama. Na mteja mzuri, kalipa yote kwa mkupuo, hela za Bi Thuwaiba zipo zinamngoja. Nimetoa kamisheni yangu tu, na yako ipo."

"Nani kakwambia anauza? Anapangisha!"

"Mbona hukusema?" Nasri alishangaa, au alijua kushangaa, mpaka leo Mwatumu hajui ni lipi. "Nilikupigia simu. Nilikuuliza anauza kwa ngapi. Hukusema hauzi. Ulisema jaza mwenyewe. Nimejaza. Na ukurasa wa nyuma unampa wakala ruhusa ya kumalizia kila kitu kwa niaba ya mwenye nyumba. Kasaini na huko."

"Nilikwambia nyamaza, Nasri! Nilikuwa nakunyamazisha!"

"Mama, mimi nimesikia jaza."

Akamtukana. Mwatumu, ambaye hakuwahi kumtukana mtu, alimtukana mtoto wa jirani yake mpaka wapita njia wakasimama kwenye vioo. Nasri aliinamisha macho kwenye simu yake akangoja amalize. Vioo vile havikupasuka, na cheti kilibaki ukutani.

Akaenda kwa Beatrisi. Beatrisi alimkaribisha, akaitafuta nakala ya ofisi, akaisoma mstari kwa mstari, bila kuharakisha. Mwatumu alikaa ukingoni mwa kiti anamtazama midomo.

"Sioni kosa, mama. Saini ya mwenye nyumba ipo. Wakala kasajiliwa. Shahidi yupo." Akainua macho. "Shahidi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulishuhudia nini?"

"Nilishuhudia nafasi tupu, mwanangu. Hakukuwa na kitu pale. Wallahi hakukuwa na kitu."

Beatrisi aliinuka akafunga mlango. Akarudi akakaa, akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Kushuhudia mkataba ambao haujajazwa ni kosa. Ukiandika hayo utaingia matatani wewe, na nyumba itabaki ilivyouzwa."

"Niingie. Nyumba irudi."

"Hairudi kwa maneno yako. Kwa sheria hii wewe si wakala, si mwenye mali, ni shahidi tu, na unasema ulichokishuhudia si kweli. Nitakushikia wapi?" Hakusema kwa ubaya. Huyu mwanamke hakuwa mbaya, na Mwatumu angependa angekuwa mbaya. "Lakini mwenye nyumba amepewa muda wa pingamizi. Tangazo liko pale ukutani, muda haujaisha. Aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake kwamba hakukubali kuuza. Nitalisimamisha siku hiyo hiyo."

"Kizuka hatoki."

"Haruhusiwi kabisa? Hata kwa shida kama hii?"

"Kizuka hatoki," Mwatumu akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwajibia watu barazani miaka yote. "Nimelelewa humo, nayajua."

"Basi nije mimi kwake. Nitavua viatu, nitakaa chini. Nimuulize swali moja tu."

Mwatumu aliiona picha hiyo. Mwanamke mgeni na faili mkekani, ndani ya chumba kile, anamuuliza mtu ambaye mume wake hajapoa: je, umeuza nyumba yako kwa bei hii? Bi Zuleha angetoka kaburini. Na Thuwaiba, aliyekuwa hapati usingizi, hali chakula, anayeongea na randa za Yakoub kama vile ni watu, angesikia habari hiyo akafa. Ndivyo alivyoona. Ndivyo alivyoogopa.

"La," akasema. "Utamuua. Niachie mimi, nitalimaliza."

"Mama, muda una mwisho."

"Nitalimaliza kwa mdomo. Hija ni Mwislamu."

Na alijaribu, msimwonee. Alimfuata Hija nyumba ya wageni alikofikia, akakaa miguuni pa mama yake, bibi kizee wa Kipemba asiyeona vizuri, akalia. Hija naye machozi yakamlengalenga. Lakini alikuwa ameshauza shamba lake la karafuu kule Pemba ili anunue pale, kanunua kwa wakala wa haki, kwa fomu ya serikali, na hata yeye angerudi wapi? Mama yake alitafuta mkono wa Mwatumu akaushika, akamwombea subira. Hija akasema, "Kitu kimoja naweza, bibi. Nitamwacha amalize eda yake. Simfukuzi kizuka mie. Siku atakayotoka eda ndiyo nitahamia."

Mwatumu akamshukuru. Fikiria, alimshukuru!

Alirudi kwa Nasri mara kadhaa, mpaka akawa anaambiwa na binti wa mapokezi kwamba bosi hayupo, naye anamwona kwenye vioo. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaambiwa muhuri wake siku hizi hauna nguvu. Kila jioni alipita kwa Thuwaiba. Alimkorogea uji, alimsugua miguu, alimsikiliza. Thuwaiba alikuwa ameanza kupata nafuu. Alianza kula. Alianza kupanga: chumba cha mkono wa kulia kitiwe chokaa, cha kushoto kifungwe feni. Mwatumu aliitikia, ndiyo shoga, ndiyo shoga, na moyo wake ulikuwa unachanika. Mara mbili tatu alifungua kinywa. Mara zote akamwona Thuwaiba alivyo, kajitanda kanga nyeupe, uso umeanza kurudiwa na damu, akakifunga. Si hapa. Si ndani ya eda. Na katika siku hizo, bila mtu yeyote kupiga kelele, muda wa pingamizi ukaisha, na tangazo likatolewa ukutani.

Siku ya kutoka eda Mwatumu alifika asubuhi na mapema, peke yake, kabla ya wanawake wengine. Alichota maji, akatia marashi. Alimwogesha shoga yake kama alivyomwona bibi yake akifanya, kichwa kwanza, taratibu. Alimfunga kanga mpya, akamfukiza udi, akamsuka mabutu mawili. Machozi yalikuwa yanamdondoka, Thuwaiba akaona ni huzuni ya Yakoub, akamshika mkono.

"Usilie, shoga. Mbona mimi nimekwisha lia."

Akaenda mwenyewe dirishani, akalisukuma lile dirisha la nakshi, mwanga ukaingia. Alikaa akauangalia uso wa mtaa ambao hakuuona muda mrefu. Kisha akageuka, anatabasamu, ndiyo mara ya kwanza, na akapiga mkeka kwa kiganja.

"Haya kaa. Sasa ni halali. Nimetoka eda, hapana mwiko tena. Nitajie bei."

Mwatumu alikaa. Na akaitaja. Alianza na simu, akaja kwenye mstari uliokata neno, akaja kwa Hija, akamtajia bei aliyoijaza Nasri. Hakujitetea. Alipomaliza, nje kulikuwa na mtu anauza samaki anapita.

Thuwaiba hakupiga kelele. Aliuangalia mlango, akauangalia ule mwingine, milango yote ya Yakoub, mmoja mmoja.

"Ulijua lini?"

"Mvua zilipokatika."

"Na hapakuwa na la kufanya?"

Mwatumu angeweza kusema hapakuwa. Nani angembishia? Lakini mbele ya huyu hakuwahi kusema uongo. "Lilikuwapo. Afisa alisema ukienda mwenyewe ukakataa, atalisimamisha siku hiyo hiyo. Akataka hata kuja hapa. Nikamwambia kizuka hatoki."

"Nani kasema hatoki?"

"Shoga, miiko—"

"Nani kasema?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mtu akiumwa hatoki akaenda hospitali? Nyumba ikiwaka moto hatoki? Ningejitanda, ningepanda bajaji, ningemwendea huyo afisa. Ningetoka, Mwatumu. Ningetoka siku ile ile."

Alimwita Mwatumu. Mwatumu alilisikia jina lake kutoka kinywa kile akashtuka kama amepigwa.

"Nilikuogopea," akasema. "Niliogopa utakufa."

"Hukuniuliza."

Uani hodi zikaanza, wanawake wa mtaa wanafika na sinia la halua na vigelegele, wamekuja kumfurahia mtu aliyemaliza eda. Thuwaiba aliinuka, akajifunga kanga vizuri. Akalivuta dirisha, akalifunga komeo. Mwatumu naye akainuka, akanyoosha mkono kumshika bega, na Thuwaiba akasogea kidogo tu, kiasi cha mkono kutofika.

"Huyo Mpemba anahamia leo?"

"Leo jioni."

"Basi nitafutie chumba, dalali," akasema. "Kimoja kinanitosha. Na bei unitajie kabla sijasaini."

Akatoka uani kuwapokea wageni wake. Mwatumu alibaki chumbani, mkoba wa plastiki miguuni, anasikiliza vigelegele. Alijaribu kukumbuka ni wapi alikoambiwa kuna chumba, na siku ile Makorora nzima hakukumbuka hata kimoja.